Mkanda wa kifua, saa ya mkononi au kimashine cha INR: kipi kinunuliwe kwanza baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo?

Mkanda wa kupimia mapigo ya moyo huvaliwa chini kidogo ya matiti, na kile kipande chake kigumu hukaa katikati ya kifua. Hapo hapo ndipo kovu la upasuaji wa valvu linapoishia, na chini yake kidogo kuna alama za matundu yaliyopitishwa mirija ya kutoa damu na majimaji. Aliyeubuni mkanda alimfikiria mkimbiaji, hakumfikiria mtu aliyepasuliwa kidari. Kwa hiyo mkanda ulio bora kabisa kwa usahihi ndio usiofaa kabisa katika wiki za mwanzo, na hilo muuzaji hakwambii.

Tathmini hii ni ya vifaa ambavyo mgonjwa wa valvu hushauriwa kununua, au huletewa na ndugu kutoka Ulaya na Uarabuni kabla hajajua kama anavihitaji: mkanda wa Polar H10, mkanda wa mkononi wa Polar Verity Sense, saa za kidijitali, oksimita ya kidoleni, kile kidude cha mipira mitatu cha kuvutia pumzi, mizani, na kimashine cha CoaguChek XS cha kupimia nyumbani INR, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Tumevipima kwa swali moja tu: kinamsaidia mtu arudi kutembea, kupanda ngazi, kushika jembe au kukimbia bila kuumiza kidari wala kuhatarisha valvu? Kwa mwenye valvu ya chuma, pesa ya kwanza iende kwenye INR. Saa ya mkononi iwe ya mwisho.

(Tunasema valvu ya chuma kwa kuwa ndivyo inavyoitwa wodini. Vibawa vyake vyenyewe ni vya kaboni.)

Mpangilio huo una sababu yake kwetu. Mgonjwa wa valvu wa Ulaya mara nyingi ni mzee ambaye valvu yake imekakamaa kwa umri, naye huwekewa valvu ya tishu ya ng'ombe au nguruwe. Anayelazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Tenwek kule Bomet, mara nyingi ni kijana ambaye valvu iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye koo lisilotibiwa utotoni. Valvu ya tishu huchakaa haraka kwa kijana, kwa hiyo wengi hupewa ya chuma, na valvu ya chuma ni warfarin, kidonge cha kuzuia damu kuganda, maisha yote. Vile vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kipimo cha INR havifai kwa valvu hizi. Dabigatran, mojawapo ya vidonge hivyo, ilijaribiwa, na majaribio yakasimamishwa kwa sababu wagonjwa waliganda damu zaidi na wakavuja damu zaidi. Basi mtu wa miaka 25 anayetaka kurudi uwanjani ana maswali mawili: moyo unakwenda kasi gani, na damu iko nyepesi kiasi gani. Matangazo ya saa yanajibu la kwanza tu.

Kuna la tatu ambalo hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kulipima, nalo ni mfupa. Kidari hukatwa kwa msumeno na kufungwa kwa nyaya za chuma. Huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana, na karibu 12 kuwa imara. Katika muda huo, kikomo cha kubeba kinachotolewa na hospitali nyingi ni kilo 4 au 5. Kidumu cha maji cha lita 5 tayari kiko mpakani, mtoto wa mwaka mmoja amekwisha kupita, na ndoo ya lita 20 isizungumzwe. Kuinuka mkekani kwa kujisukuma na mkono mmoja, kukuna nazi, kutwanga kisamvu, kusonga ugali wa watu wengi, kusujudu kwa kuegemea viganja: vyote vinatua kwenye mfupa uleule. Uswali ukiwa kwenye kiti mpaka uruhusiwe. Ukitaka kuinuka kitandani, geuka ubavu kwanza mwili mzima, shusha miguu, kisha inuka. Ukikohoa, kumbatia mto. Kidari kikilia au kikisugua ukijigeuza, au kidonda kikitoa majimaji, mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo na unarudi hospitali, hata kama saa inakupongeza kwa hatua 6,000.

Kipimo cha kwanza cha mazoezi hakiuzwi. Ni kuzungumza. Ukiwa unatembea, sema sentensi nzima kwa sauti. Ukiimaliza bila kukata pumzi katikati, kasi inafaa. Ukiweza kuimba, unaweza kuongeza kidogo. Ukitoa neno mojamoja, punguza. Watu wa fiziotherapia hutumia pia kipimo cha Borg, namba unazojipa mwenyewe kwa ugumu unaouhisi, kuanzia 6 (umekaa tu) hadi 20 (huwezi tena). Miezi ya mwanzo mtu hukaa kati ya 11 na 13, yaani kazi nyepesi inayoanza kuhisiwa. Wiki ya kwanza nyumbani ni dakika 5 mahali tambarare, mara 3 au 4 kwa siku, ukiongeza dakika 1 au 2 kila siku mwili unapokubali. Wengi hufika dakika 30 mfululizo kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kwa anayeishi Dar au Mombasa, muda wa kutembea ni kabla jua halijapanda. Joto hupandisha mapigo, na ukiwa kwenye dawa ya kupunguza maji mwilini, kizunguzungu hakiko mbali.

Sasa Polar H10. Kwa usahihi hatuna la kulalamikia. Husoma umeme wa moyo wenyewe, haibahatishi kwa mwanga. Betri yake ni CR2025 ya kawaida, unaibadilisha mwenyewe kwa kuzungusha kifuniko kwa sarafu, na kampuni inaahidi saa 400. Inaunganishwa na simu kwa Bluetooth na ina kumbukumbu ya zoezi moja, kwa hiyo simu inaweza kubaki nyumbani. Lazima uloweshe sehemu zile za mpira zinazogusa ngozi kabla ya kuvaa. Zikiwa kavu, dakika tano za kwanza utaona namba za ajabu, 190 au hata 210, na mtu aliyetoka kupasuliwa moyo akiona 210 anaweza kuzimia kwa hofu tu. Jezi ya nailoni inayopeperuka nayo huleta namba hizo kwa umeme unaotokana na msuguano. Lowesha, kaza kiasi cha kidole kimoja kupita, vaa fulana ya pamba. Ukimaliza chomoa kile kipande kigumu, suuza mkanda na uuanike. Ukikiacha kimeshikana na mkanda wenye jasho, kinaendelea kula betri usiku kucha.

Tatizo ni lile la mwanzo: kovu. Usivae H10 kabla kidonda hakijafunga kabisa na daktari hajakiona. Kwa wengi ni wiki 8 hadi 12. Na hapa tuongeze jambo ambalo mapitio ya kizungu hayaligusi. Kifua cha kati ni mojawapo ya sehemu zinazoongoza kwa kuota makovu manene yanayovimba na kuwasha, na ngozi nyeusi huathirika zaidi. Mkanda unaosugua kovu changa kwa dakika 40 kila siku, pamoja na jasho, ni kulichokoza. Kovu likianza kuinuka na kuwasha, achana na mkanda huo moja kwa moja, hata kama umelipa karibu dola 100. Aliyebadilishiwa valvu kwa njia ya mshipa wa paja hana kovu la kifua, kwake H10 haina shida hiyo.

Kwa waliofunguliwa kifua, Verity Sense ndiyo tunayoipendekeza. Ni kidude kidogo cha mwanga kinachofungwa juu ya kiwiko au kwenye bega la mkono, mahali penye nyama na pasipotikisika sana kama kifundo cha mkono. Usahihi wake unashuka kidogo ukilinganisha na H10 unapobadilisha kasi ghafla, lakini kwa kutembea na baiskeli ya ndani unatosha kabisa. Usiikaze. Mtumiaji wa warfarin hupata alama za damu kuvilia chini ya ngozi kwa kubanwa tu.

Namba ukishaipata, usiitumie vibaya. Programu nyingi zitakuhesabia kikomo kwa kutoa umri wako kwenye 220. Kijana wa miaka 25 anaambiwa 195. Ikiwa anakunywa bisoprolol, atenolol au carvedilol, dawa hizo zimewekwa makusudi kuzuia moyo usikimbie, na kuifukuza 195 ni upuuzi wenye hatari. Kanuni inayotumika mwanzoni ni mapigo ya kupumzika kujumlisha 20 hadi 30: aliyekaa akiwa na 84 asipite 104 hadi 114. Usishangae mapigo ya kupumzika yakiwa juu kuliko kabla ya upasuaji, hali hiyo ni ya kawaida kwa wiki kadhaa. Kikomo cha baadaye kitokane na kipimo cha mazoezi cha hospitali, ambacho anayetaka kurudi kukimbia au kucheza anapaswa kukiomba pamoja na eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Na kama mapigo yako hayana mpangilio, jambo la kawaida kwa waliougua valvu ya mitral (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), namba itarukaruka 88, 121, 96 hata ukitembea kwa mwendo mmoja. Mkanda haujaharibika. Kwako wewe Borg inashinda mashine.

Saa ya mkononi tutaipitia haraka. Mwendo wa kutembea ni karibu hatua 110 kwa dakika, na saa nyingi, hasa za bei nafuu, huteleza zikaanza kuhesabu mtikisiko wa hatua badala ya mapigo. Unaona 110, unadhani moyo ndio huo, kumbe ni miguu. Jaribio ni rahisi: simama ghafla, shika mshipa wa mkono, hesabu sekunde 30 kisha zidisha mara mbili (wenye mapigo yasiyo na mpangilio wahesabu dakika nzima). Saa ikitofautiana na kidole chako kwa zaidi ya 10, mwamini kidole. Kwa kuhesabu hatua na kukumbusha dawa ya jioni, saa inafaa. Simu inafanya hayo bure.

Mwenye valvu ya chuma ana chombo kingine kisicho na bei: mlio. Chumba kikiwa kimya usiku, valvu husikika ikipiga tiki tiki kama saa ya ukutani. Baada ya zoezi unausikia ukiharakisha kisha ukitulia, na hilo huwatia hofu wengi bila sababu. Kinachopaswa kutia hofu ni kinyume chake. Mlio uliokuwa mkali ukifubaa au kupotea, hasa pamoja na kuishiwa pumzi, huenda damu imeganda kwenye valvu. Usiku huo huo, hospitali.

Tuje kwenye kimashine. CoaguChek XS ya Roche ni ndogo kama rimoti nene, hutumia betri nne za AAA, na hutoa INR kwa dakika moja kutoka tone moja la damu ya kidoleni. Kwa mtu anayekaa saa nane kutoka maabara ya kuaminika, hiki ndicho kifaa kinachobadilisha maisha. Valvu ya mitral ya chuma kwa kawaida huwekewa lengo la INR 2.5 hadi 3.5. Ya aota (kwenye mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni) isiyo na hatari nyingine ni 2.0 hadi 3.0. Daktari wako ndiye anayeandika lako. Chini ya hapo valvu inaganda, juu sana ubongo au tumbo linavuja. Na kurudi mazoezini kunaivuruga INR kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Wiki za mwanzo mgonjwa hana hamu ya kula na damu huwa nyepesi kwa dozi ndogo. Akianza kutembea, kula vizuri na kupona, mwili unadai warfarin zaidi, na INR inashuka kimyakimya mwezi wa pili au wa tatu, wakati kila mtu nyumbani anasema amepona. Ndiyo maana kupima kila wiki katika kipindi hicho kuna maana kuliko kupima mara moja kwa mwezi.

Utaratibu wake haukubali papara. Kila kichupa cha stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, huja na kichipu chake. Namba iliyo kwenye kichipu ilingane na ya kichupa. Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa kwa sababu maji huchanganyika na damu. Ning'iniza mkono chini kwa dakika moja. Toa stripu na ufunge kichupa papo hapo, maana stripu iliyo nje itumike ndani ya dakika 10. Mashine ikionyesha iko tayari inaanza kuhesabu sekunde 180. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, na weka tone la kwanza ndani ya sekunde 15. Mikono iliyozoea jembe au kufua ina ngozi ngumu, kwa hiyo ongeza kina cha kisindano kabla ya kutoboa badala ya kuja kukamua baadaye. Kukamua kwa nguvu huchanganya damu na majimaji ya nyama na kuchokoza kuganda. Tone likiwa dogo, usiongeze la pili kwenye stripu ileile. Tupa, anza upya kidole kingine. Hapo umechoma stripu nzima, na stripu ndizo zinazokula pesa.

Nini kingine hukwamisha? Joto. Stripu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na mashine yenyewe hugoma chumba kikipita 32. Nyumba ya bati mchana wa Januari, kiti cha mbele cha gari lililoegeshwa juani, boksi la bodaboda: stripu zilizopita huko hazifai. Pima asubuhi. Upungufu mkubwa wa damu nao huipotosha. Hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikiwa chini ya asilimia 25, INR haisomeki sawasawa, kwa hiyo mama anayetoka hedhi nzito kwa sababu ya warfarin aangaliwe damu kwanza. Jibu likija 4.5 au zaidi, lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Mwaka 2018 stripu za mashine hii zilirudishwa kiwandani kwa wingi baada ya kugundulika zinatoa majibu ya juu kupita kiasi katika eneo hilo hilo. Siku ya kwanza peleka mashine maabara, pima kidole na mshipa ndani ya saa chache. Ukiwa kati ya 2 na 4, tofauti isizidi 0.5. Rudia baada ya miezi kadhaa.

Mashine haikupangii dozi. Anayekunywa mg 5 kila siku ana mg 35 kwa wiki, na nusu kidonge kimoja tu ni karibu asilimia 7 ya dozi hiyo. Ndiyo maana kliniki itakwambia "ongeza nusu siku ya Jumatano" na wewe utaona kama mzaha. Sio mzaha, na matokeo kamili yanachukua karibu wiki. Usinywe dozi mbili kwa mpigo kwa kuwa ulisahau jana. Mchicha, matembele na sukuma wiki haviachwi, vinaliwa kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Flagyl na Septrin hupandisha INR, rifampicin ya kifua kikuu huishusha vibaya, na diclofenac kwa maumivu ya misuli baada ya zoezi ni ya kukataa hata ukipewa bure. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, nayo haiachwi kwa sababu umepata valvu mpya. Siku INR ikipita 4, hakuna baiskeli wala mpira. Tembea tu na upige simu kliniki. Ndondi na michezo ya kugongana vichwa imekwisha kwa mtumiaji wa warfarin. Ukiangukia kichwa, nenda hospitali hata ukijisikia mzima.

Vilivyobaki ni vidogo. Kidude cha mipira mitatu: kama hospitali imekupa, kitumie, ukivuta na sio kupuliza, pumzi kumi kila saa ukiwa macho, ukishikilia mpira mmoja juu kwa sekunde 3 badala ya kurusha yote mitatu kwa kishindo. Kukinunua mwenyewe hatuoni sababu. Pumzi ndefu za kawaida na kutembea vinafanya kazi hiyo hiyo. Oksimita ya kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi, na piko au rangi ya kucha huweza kuivuruga, kwa hiyo 95 yake isikutulize ukiwa unahema. Mizani ya kawaida ya bafuni ni kinyume chake: bei ndogo, faida kubwa. Pima kila asubuhi baada ya kukojoa. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, hujanenepa.

Kwa wanaonunua mitumba mtandaoni: kimashine cha INRatio kikiuzwa bei ya kutupa, kiache. Kiliondolewa sokoni 2016 kwa majibu yasiyoaminika. Hata CoaguChek, uliza kwanza stripu zinapatikana wapi, kwa bei gani na zinaisha lini muda wake, kwa sababu ukipima kila wiki pakiti ya 48 haifikishi mwaka. Mwenye valvu ya tishu ambaye daktari amemwachisha warfarin hahitaji mashine hii hata kidogo. Anunue mizani na viatu vizuri.